Tani Tisa za Mama Unga

Tangazo lilikuwa limebandikwa kwa uji mzito kwenye nguzo ya umeme, mbele ya maegesho ya malori, na lilisema hivi: "Natafuta msafirishaji wa mzigo mzito. Tani tisa. Aje na maswali yake. Mwone Mama Unga, nyuma ya soko." Bwana Shwari alisoma mpaka kwenye tani tisa, macho yakamtoka, hakusoma tena. Ile sentensi ya maswali aliiruka kama mtu anavyoruka dimbwi akiwa amevaa viatu vipya, na hadithi hii yote ingekuwa fupi sana kama angeikanyaga.

Hakuzaliwa na jina hilo la Shwari. Alilipata mjini, kwa sababu hapakuwa na swali ambalo hakulijibu kwa neno hilo moja. Ukimwambia paa alilokuezekea linavuja, shwari. Ukimwambia gari alilokuuzia halina breki, shwari, bwana, hilo dogo. Aliwahi kuuza kiwanja kimoja kwa watu watatu, na wote watatu akawapongeza kwa dhati, kila mmoja kwa siku yake. Simsifu. Nawaeleza tu mjue tunafuatana na nani, kila mtu ashike mfuko wake.

Siku hiyo ya Jumatatu, hata hivyo, yeye mwenyewe hakuwa shwari. Alfajiri shangazi yake alikuwa amesafiri kwenda kumtazama binti yake aliyejifungua. Shangazi huyu ndiye aliyemlea tangu ana miaka sita, na mpaka siku ile alikuwa amempa chumba cha uani bila kumtoza kitu. Alikuwa akikodisha viti na maturubai kwa wenye shughuli, mama wa kazi, na maneno yake hakuwa na desturi ya kuyarudia. Alisimama mlangoni na begi mkononi, akasema:

"Narudi Jumamosi. Nikukute una kazi. Kazi ya jasho, mwanangu, siyo hiyo yako ya mdomo. Nisipokukuta nayo, chumba nampa mpangaji na nguo zako utaziokota getini."

"Shangazi, shwa..."

"Usinishwarishe! Na kochi langu usilikalie na viatu."

Shwari alicheka shangazi alipoondoka, lakini kicheko hakikufika mbali. Mjini kote hapakuwa na mlango mwingine ambao ungefunguliwa kwake bila mtu kuchungulia kwanza. Chumba kile kilikuwa kidogo, na paa lake lilikuwa na joto, lakini kilikuwa chake, na ndani yake alikuwa amelelewa. Kukikosa kulimtisha kweli. Lazima Jumamosi ikute kazi. Na kwa kuwa yeye na jasho hawakuelewana tangu utotoni, aliona heri apate donge moja kubwa la pesa, anunue kilori kichakavu, akiegeshe uani, amwambie shangazi: kazi ndiyo hii. Ndipo akakutana na ile nguzo.

Alimkuta Mama Unga mlangoni pa mashine yake ya kusaga, amekaa juu ya debe lililopinduliwa, ametapakaa unga mpaka kwenye kope. Nyuma yake, katikati kabisa ya mlango, lilisimama sanduku kubwa la mbao lenye kimo cha mtu mfupi, limekazwa kwa mikanda ya chuma, limeandikwa kwa rangi nyekundu HUKU JUU, na chini yake mtu amechora glasi. Ubavuni lilikuwa na kidirisha kidogo kilichofungwa kwa kipande cha waya.

Mbele ya sanduku alikuwapo mzee mmoja msafirishaji, ambaye kwa sababu ya futi yake ya kupimia isiyotoka kiunoni mji mzima ulimwita Mzee Futi. Alikuwa akipima, akiandika, akipima tena.

"Barabara ya kutokea hapa ina upana gani?" aliuliza. "Nyaya za umeme zimening'inia wapi? Lile daraja la mfereji linabeba tani ngapi? Huko mzigo unakoenda geti lina futi ngapi? Ardhi yake ngumu au ya kichanga?" Kisha akafungua kile kidirisha, akaingiza kichwa, akakitoa. "Eti glasi! Mama, bei yangu ni ileile ya juzi. Pole sana, sina namna ya kuishusha."

"Nakuelewa, mzee wangu," akajibu Mama Unga. "Ila na mimi nielewe, bei hiyo inaniua. Nipe mpaka Jumatano."

Mzee Futi alipopita karibu na Shwari alimtazama kuanzia kiatu hadi kola, akatikisa kichwa kidogo, akaenda zake. Shwari alimwonea huruma. Mtu mzima, anauliza maswali mengi hivyo, utadhani anaoza binti! Biashara ya namna hiyo atakula nini?

"Shikamoo mama," akaanza, sauti ikiwa imepakwa mafuta. "Mimi ni mkurugenzi wa Shwari Mizigo Mizito. Nimesikia una jambo."

"Marahaba, mkurugenzi. Nina tani tisa. Utaweza?"

"Shwari, mama."

"Barabara ni nyembamba."

"Shwari."

"Na limekaa mlangoni. Mashine yangu mpya ya umeme inaingia Alhamisi, na haiwezi kuruka juu ya kitu. Isipoingia siku hiyo wenye mashine wanampa mwingine, na mimi nafunga. Kwa hiyo Jumatano liwe limetoka. Utaweza kweli?"

"Mama, hiyo Jumatano ichukulie kama imeshapita." Shwari alikuwa tayari anapiga hesabu kichwani. Mashine mpya inakuja, kwa hiyo ya zamani ndiyo hii inayotoka. Tani tisa za injini kongwe, ya zama zile chuma kilipokuwa chuma, imefungwa kitaalamu namna hii! Mate yalimjaa. "Na linakwenda wapi?" akauliza, na hilo ndilo swali pekee aliloliuliza siku hiyo.

"Kwanza litoke hapa," akasema Mama Unga. "Habari ya mpokeaji tutaizungumza likiwa njiani."

Shwari karibu amwonee huruma na huyu pia. Mama wa watu, ana mali ya kifalme, hata mpokeaji hajamwandika!

"Na malipo?" Mama Unga akauliza.

Hapo sasa Shwari akatoa silaha yake kubwa. Matapeli wadogo huomba kianzio, ndiyo maana hubaki wadogo. Yeye aliweka mkono kifuani. "Mama, kwangu mimi hulipi hata senti mpaka mzigo umfikie mpokeaji. Ukitoka getini, gharama zote na shida zote ni zangu."

Mama Unga alijifunika mdomo kwa kitambaa, akakohoa kwa muda mrefu. Shwari alidhani ni unga.

"Hayo utayaandika?"

"Na mhuri nitapiga."

"Basi," akasema Mama Unga, akanyoosha kidole kwenye kile kidirisha, "njoo uchungulie ujue unachobeba. Ni waya tu."

Hapa nawaomba mtulie kidogo, kwa sababu hapa ndipo mtu alipojizika akiwa hai. Msafirishaji wa kweli hawezi kulala bila kukiona anachokibeba, kwa kuwa kikivunjika ataulizwa. Shwari hakuogopa kuulizwa, maana hakukusudia kuwapo. Alichoogopa ni kuonekana na tamaa. Kwa miaka yote ya kazi yake alijifunza kwamba anayeikodolea mali macho hushukiwa, na anayeitazama pembeni huaminiwa. Kwa hiyo akaligeuzia lile sanduku mgongo, akapunga mkono kwa madaha.

"Mama, mimi na wewe ni watu wa kuaminiana. Shwari tu."

"Sawa, mwanangu," akasema Mama Unga. "Nimekuonesha dirisha."

Jumanne Shwari alikwenda kwa mchonga mihuri, akapata mhuri wenye picha ya lori na mbawa mbili. Hati aliitunga mwenyewe kwa mpiga chapa wa pembeni mwa soko, na kifungu cha nne ndicho kilichomfurahisha hata akakisoma mara mbili kwa sauti: "Mzigo ukishatoka getini, mwenye mali hana dai lolote juu yake, wala hautarudishwa kwake kwa sababu yoyote ile." Mpiga chapa, mtu wa kalamu, alimwambia kifungu hicho kina meno. Shwari akajibu kwamba ndivyo alivyotaka.

Ikabaki habari ya vyombo. Winchi na tela la chini havikodishwi kwa mdomo. Hata mdomo wa Shwari. Mwenye tela alikubali kuchukua pikipiki ya Shwari badala ya pesa, ile nyekundu, aliyoipenda kuliko watu wengi. Mwenye winchi alizunguka chumba cha Shwari, hakuona cha kumfaa, akachungulia sebuleni kwa shangazi, akaliona kochi la watu watatu.

"Hilo," akasema.

"Hilo ni la shangazi!"

"Basi mwambie shangazi aje anyanyue tani tisa."

Shwari aliuma kidole. Lakini Jumamosi ilikuwa mbali, na kwa injini ile angenunua makochi sita. Kochi likatoka, huku yeye mwenyewe akilishika upande wa miguu. Na kwa heshima ya shangazi, alivua viatu.

Jumatano sanduku lilitoka mlangoni kwa Mama Unga, hati ikapigwa mhuri, kila upande ukachukua nakala yake. Mama Unga alisimama akilitazama likipanda kwenye tela, akajifuta macho. Pengine ni unga tena.

Ndipo maswali ya Mzee Futi yakaanza kumfuata Shwari njiani, moja baada ya jingine. Kwenye kona ya kwanza tela lilikataa kupinda, kwa kuwa hakuna aliyepima barabara. Likarudi nyuma likaingia kwa muuza vyungu, na muuza vyungu alitaka kulipwa vyungu kumi na vinne pamoja na uchungu wa moyo. Saa ya mkononi ya Shwari ikaishia hapo. Mbele kidogo nyaya za umeme zilikuwa zimelegea, na mkurugenzi wa Shwari Mizigo Mizito ikabidi apande juu ya sanduku na ufagio wenye mpini wa mti, anyanyue waya mmoja mmoja huku amefumba macho. Kwenye daraja la mfereji dereva alizima gari.

"Hili linabeba tani ngapi?" akauliza.

"Shwari tu, twende."

"Shwari ni tani ngapi?"

Wakazunguka mji mzima. Jua lilikuwa limeegemea upande walipofika kwa shangazi, mahali pekee ambapo Shwari angeweza kuficha kitu kikubwa kiasi kile mpaka mnunuzi aje. Geti lilikuwa na futi nane, tela tisa. Mwenye winchi alilipandisha sanduku juu ya ukuta, watu wa mtaa wakapiga makofi, likashuka katikati ya ua, mbele kabisa ya mlango wa stoo ya maturubai. Ardhi pale ilikuwa ya kichanga. Sanduku likazama shibri moja, likatulia.

Usiku ule Shwari alilala kwa furaha, akiota lori.

Mnunuzi alikuja Ijumaa. Alikuwa fundi wa injini kutoka ng'ambo ya mji, mtu mpole mwenye mtaimbo begani, na Shwari alimpokea kwa maneno matamu kama robo saa hivi: chuma cha kale, mikono ya kizungu, haijawahi kukohoa. Fundi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akausokota ule waya, akafungua kidirisha, akachungulia. Akaomba tochi. Akachungulia tena.

"Ndugu yangu," akasema taratibu, "umeniita nije kuona nini?"

"Injini!"

Fundi akachomeka mtaimbo, akang'oa ubao mmoja, wa pili, wa tatu. Ndani lilikuwa limekaa bonge la zege, kubwa, la kijivu, limelowa oili nyeusi ya miaka thelathini, na juu yake vichwa vinne vya bolti vimechomoza, vimekatwa.

"Huu ni msingi," fundi akaeleza, kwa upole uleule wa mtu anayetoa pole msibani. "Msingi wa ile injini ya Mama Unga. Injini yenyewe ilikuwa juu hapa. Niliinunua mimi mwezi uliopita, huu nikauvuta mpaka mlangoni ukanishinda, nikamwachia. Kumbe alipata wa kuubeba? Alikuwa anahangaika sana, maskini."

Shwari alikaa chini palepale mchangani. Fundi alipokwisha kuondoka na mtaimbo wake, akapiga simu.

"Mama! Umeniuzia mbuzi kwenye gunia!"

"Nani? Ah, mkurugenzi! Mzigo umefika salama?"

"Ni zege! Zege tupu!"

"Ndiyo. Tani tisa, nilisema. Umelipima?"

"Mbona hukusema ni zege?"

"Wewe hukuuliza, mwanangu. Nilikuonesha dirisha, ukaligeuzia mgongo." Sauti yake ikatulia kidogo. "Nikwambie kitu. Zamani, mume wangu yuko hai, alikuja kijana mmoja kuchukua magunia yetu mia mbili. Kila tulichomuuliza alisema hakuna shida. Mpaka leo hatujamwona tena, na mume wangu alikufa bado anayazungumzia yale magunia. Toka hapo sichagui msafirishaji kwa bei wala kwa lori lake. Nasikiliza anauliza nini. Wa kweli walikuja watatu, waliuliza mpaka kichwa kikaniuma, na bei zao zote sikuziweza. Nikasema, ngoja nilifunge hili sandukuni, nione nani atalipenda bila kuliona."

"Njoo ulichukue!"

"Ningekuja. Ila kifungu cha nne kimenikataza," akajibu Mama Unga. "Kina meno sana kile."

Jumamosi, saa nne asubuhi, shangazi alishuka kwenye teksi. Aliona ufa juu ya ukuta wake. Akaingia uani, akaliona bonge mbele ya stoo, na nyuma ya bonge mlango usiofunguka, na nyuma ya mlango viti mia tatu vilivyotakiwa harusini wiki mbili zijazo. Akaingia sebuleni kukaa, ili awe na nguvu za kukasirika. Akatoka tena.

"Kochi langu liko wapi?"

Kwa mara ya kwanza tangu wamjue watu, Bwana Shwari alisema ukweli, kwamba liko kwa mwenye winchi. Kisha akatoa hati mfukoni, akampa, kwa sababu mengine yote yalikuwa yameandikwa mle. Shangazi alivaa miwani, akatafuta pa kukaa, hakupaona, akaketi juu ya zege, kati ya bolti mbili, akasoma mpaka kwenye mhuri wenye mbawa.

"Nilikwambia nikirudi nikute nini?"

"Kazi, shangazi."

"Ya namna gani?"

"Ya jasho." Machozi yalikuwa yanamlengalenga, mtu mzima. "Nipe nafasi, shangazi. Sina pengine pa kwenda."

Shangazi aliikunja hati. Halafu alinyanyuka, akaenda kwa jirani mjenzi, akarudi akiburuta nyundo kubwa, ile ya kushikwa kwa mikono miwili, akaiegemeza kwenye zege.

"Kazi yako hii hapa," akasema. "Siku ya kwanza utakayolala bila kuligonga, nampigia simu mpangaji."

Siku ile ya kwanza liling'oka kipande chenye ukubwa wa yai. Siku ya tatu viganja vilitoa malengelenge, siku ya tano malengelenge yakapasuka, na watoto wa mtaa wakawa wanakuja na vigoda kutazama. Siku ya kumi na mbili mlango wa stoo ulifunguka. Mwisho wa mwezi wa pili palikuwa na vilima vitatu vya kokoto safi kando ya ukuta, na Shwari alikuwa na mabega ambayo shati lake la ukurugenzi halikuyatambua. Mwenye winchi alipita akazitaka kokoto za kibarazani kwake; Shwari alimwambia zinabadilishwa kwa kochi tu. Kochi lilirudi, likiwa limekaliwa na viatu.

Kilima cha tatu kilikuwa bado kipo simu ilipolia.

"Nimeambiwa unauza kokoto," ilisema sauti aliyoijua. "Hii mashine yangu mpya inatikisika, fundi anasema ijengewe msingi. Nataka tani mbili. Utaweza?"

Neno lile la zamani lilimjia Shwari mpaka kwenye ncha ya ulimi. Likakaa hapo. Akaitazama mikono yake, akamtazama shangazi aliyekuwa kwenye kochi lake, mlango wazi, akisikiliza bila kujificha.

"Mama," akasema, "kokoto za ukubwa gani? Lori linafika mpaka mlangoni, au kuna dimbwi njiani? Nani atashusha? Sakafu yako inabeba?"

Upande wa pili Mama Unga akaanza kukohoa, na safari hii Shwari alijua vizuri kwamba si unga.

"Na jingine la mwisho," akaongeza. "Zitakuja kwenye magunia. Nani atayafungua kuona kilichomo?"

"Mimi mwenyewe," akasema Mama Unga. "Gunia moja baada ya jingine."